Maswali ya Wasomaji: Darubini ya Chuo, Kuba Lake na Foleni ya Watazamaji

Barua za safari hii zimetoka mbali na karibu, na karibu zote zinahusu vituo vidogo vya kutazamia nyota: vile ambavyo chuo hujenga kwa ajili ya wanafunzi wake, kisha kikawafungulia mlango majirani. Tumechagua sita.

Nimetoka Mwanza, nasoma Cornell, mji wa Ithaca, jimbo la New York. Hapa kuna jengo lenye kuba liitwalo Fuertes, na wenzangu wanasema Ijumaa usiku mtu yeyote anaruhusiwa kuingia. Nijiandae vipi, na nitaona nini hasa?
*Mwanafunzi, Ithaca*

Nenda, ila chagua Ijumaa isiyo na mawingu, maana anga likifunga, kuba halifunguliwi. Jengo hilo ni la mwaka 1917. Lilijengwa kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi wa ujenzi, ambao enzi hizo walipaswa kujua kupima latitudo na saa kwa nyota kabla ya kukabidhiwa kazi ya kupima ardhi. Jina ni la Estevan Fuertes, aliyekuwa mkuu wa uhandisi huo pale Cornell. Darubini kubwa iliwekwa mwaka 1922 kwa heshima ya profesa Irving Porter Church. Ni darubini ya lenzi, si ya kioo cha kuakisi, na lenzi yake ya mbele ina upana wa inchi 12, yaani sentimita 30 na nusu. Watakaokupokea ni wanafunzi wenzako wa chama cha elimu ya nyota. Waulize maswali, ndiyo kazi waliyoikalia macho.

Kabla ya kuweka jicho, fanya hesabu moja ndogo. Masafa ya fokasi ya lenzi ile, yaani umbali kutoka lenzi hadi nuru inapokutana, ni kama mita 4.57. Gawa kwa masafa ya lenzi ya jicho, ile unayochungulia: ikiwa ni milimita 32, unapata ukuzaji wa mara 143. Pete za Zohali zina upana wa takriban sekunde 45 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja). Zizidishe kwa 143, nazo zitaonekana pana zaidi ya mara tatu ya mwezi mpevu unavyouona kwa macho matupu. Hata hivyo watu wengi hutoka wakisema "mbona ni kadogo!" Sababu ni kwamba pembeni kuna giza tupu, hakuna mti wala nyumba ya kulinganishia. Tulia nayo kwa dakika nzima. Hewa ikitulia hata kwa sekunde mbili, utaona ufa mweusi unaozigawa pete, na hapo ndipo macho huanza kuamini.

Kwenye nyota angavu utaona ukingo wa zambarau. Lenzi haijaharibika. Lenzi ya mbele ya namna hii ni vioo viwili vya aina tofauti vilivyowekwa pamoja ili rangi nyingi zikutane mahali pamoja, lakini rangi za mwisho, hasa zambarau, hazitii kikamilifu.

Vaa zaidi ya unavyodhani. Ndani ya kuba hakuwashwi kipasha joto, na hilo ni la makusudi: hewa ya moto ikitoka kwenye mwanya wa kuba hutetemesha picha kama hewa inavyotetemeka juu ya lami saa saba mchana. Ukisimama bila kutembea baridi huanzia miguuni, kwa hiyo soli nene ni muhimu kuliko koti la tatu. Zima simu. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa sekunde chache unakurudisha mwanzo. Kama unavaa miwani kwa sababu huoni mbali au karibu tu, ivue na urekebishe fokasi. Kama ni ya astigmatiki, kasoro ya jicho inayovuta picha upande mmoja, ibaki usoni.

Wakikuonyesha kundi la nyota la M13, mwanzoni utaona kama tope la nuru. Usilikazie. Peleka jicho pembeni kidogo, kwa kuwa sehemu ya jicho inayoona vizuri gizani haipo katikati, na nyota mojamoja zitaanza kuchomoza.

Nimesikia darubini za zamani zilifuata nyota bila umeme. Ziliwezaje?
*Fundi saa, Tanga*

Wewe ungeielewa mashine hiyo kwa kuitazama mara moja. Ni saa ya uzito. Jiwe la chuma linaning'inia kwenye waya, linashuka polepole na kuzungusha magurudumu ya meno. Ili mwendo usizidi, kuna kidhibiti chenye vigololi viwili: mhimili ukienda kasi vigololi vinatanuka na kuleta msuguano, ukipungua vinarudi ndani. Mwisho wa msururu wa magurudumu hayo kuna parafujo inayosukuma gurudumu kubwa la meno, na gurudumu hilo huzungusha mhimili wa darubini mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Huo ndio muda wa dunia kujizungusha ukipimwa kwa nyota. Anayeongoza watazamaji hupandisha uzito kwa mkono kila unapokaribia sakafu.

Bila mtambo huo, kwa ukuzaji wa mara 143 nyota iliyo kwenye ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, huvuka duara la lenzi ya jicho kwa sekunde kama 84, kisha imetoweka.

Yanayoharibika ni yale unayoyajua kwenye saa zako. Mafuta huganda kwa baridi na mwendo ukachelewa. Bomba lisiposawazishwa vizuri, mtambo unavuta mzigo ambao haukupimiwa. Na mara nyingi zaidi ya yote, mtu amesahau kukaza klachi, mashine inazunguka yenyewe huku darubini imesimama.

Wahariri, salaam. Chuo chetu kimepewa darubini ya kioo cha inchi 8 na kitako cha Kijerumani chenye mota, yaani kile ambacho mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga ili darubini ifuate nyota. Tunataka kuiweka juu ya paa la maabara, tujenge kuba, tuwaalike wananchi mara moja kwa mwezi. Lakini tukishusha kitako kufikia latitudo yetu, bolti inagota kwenye nyuzi 20. Tufanyeje?
*Mkufunzi wa fizikia, Morogoro*

Mkufunzi, hongereni, na asante kwa kuuliza kabla ya kumwaga zege.

Tuanze na paa: msiweke huko. Slabu iliyopigwa jua mchana kutwa hutoa joto hadi usiku wa manane, na picha itachemka. Pia jengo hubeba nyayo. Mtu mmoja akitembea kwenye slabu, Mshtarii itaruka ndani ya lenzi, na ninyi mnataka watu 50 wapange foleni. Tafuteni uwanja wenye nyasi, mbali na taa za ulinzi, na anga la magharibi na mashariki liwe wazi.

Nguzo ndiyo moyo wa kazi. Chimbeni shimo la sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 90. Simamisheni nondo nne za milimita 12 zenye ringi za milimita 8 kila sentimita 15, kisha mwage zege la 1:2:4, yaani ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Nguzo yenyewe iwe na kipenyo cha sentimita 30 na kimo cha mita moja kutoka sakafuni. Kazi yote inameza mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50. Zamisheni bolti nne za milimita 16 juu yake kabla zege halijakamata, mkitumia kibao kilichotobolewa ili zisipinde. Mwagilieni maji siku saba, na msipandishe mzigo mpaka siku 28 zipite. Sakafu ya kibanda isiiguse nguzo. Acheni mwanya wa sentimita 3 kuizunguka, na fundi asiuzibe kwa saruji siku ya mwisho ili "kupendezesha". Kosa hilo moja huharibu kila kitu kilichotangulia.

Kuba tunashauri mliache. Ni ghali, huvuja kwenye reli, na mtazamaji aliye ndani anaona kipande kimoja tu cha mbingu. Jengeni kibanda cha mita 3 kwa 3 chenye paa la mabati linalosukumwa pembeni. Reli ni chuma cha pembe kilichogeuzwa mgongo juu, na magurudumu ni yale ya geti yenye mfereji, matatu kila upande. Reli ziendelee nje ya kibanda mita 3 juu ya nguzo zake. Wekeni komeo nne za kulikaza paa likiwa limefungwa na likiwa wazi, kwani upepo wa ghafla hulinyanyua kama mwavuli. Lifungueni saa nzima kabla ya wageni ili joto litoke.

Sasa kitako. Vitako vingi vya Kijerumani vimebuniwa kwa watu wa Ulaya na Marekani. Ithaca iko nyuzi 42 kaskazini, kwa hiyo mhimili wa darubini ya Fuertes umeinuka karibu nusu ya pembe mraba. Morogoro iko karibu nyuzi 6.8 kusini, na mhimili wenu unatakiwa kulala karibu sambamba na ardhi, ukielekea kusini. Kulazimisha bolti ni kuivunja. Tengenezeni kabari: bamba mbili za chuma cha milimita 10 zilizochomelewa kwa pembe ya nyuzi 15, zifungwe juu ya nguzo na upande wa kusini ukiwa ndio wa chini. Kitako kikisoma nyuzi 21.8, mhimili utakuwa nyuzi 6.8. Chini ya kabari wekeni bomba la chuma lenye kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa kama sentimita 30. Bila hilo, fimbo ya uzito wa kusawazisha itagonga nguzo darubini ikizunguka, na mota itaungua ikisukuma zege.

Kuelekeza mhimili ni kazi nyingine. Watu wa kaskazini wana Nyota ya Kaskazini. Ncha ya kusini ina Sigma Octantis, nyota hafifu ya daraja la 5.4 la mng'ao, na kwenu ncha yenyewe iko nyuzi 6.8 tu juu ya upeo, nyuma ya milima ya Uluguru. Isahauni. Tumieni mteremko wa nyota, yaani kutazama nyota inavyohama polepole ndani ya lenzi:

Anzeni na nyota iliyo karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa, na karibu na ikweta ya anga, ambayo kwenu inapita nyuzi 6.8 kaskazini mwa utosi. Tumieni lenzi ya jicho yenye msalaba, washeni mota, subirini dakika tano. Nyota ikihamia kaskazini, ncha ya kusini ya mhimili imeelekea mashariki mno, isogezeni magharibi. Ikihamia kusini, fanyeni kinyume. Kisha chukueni nyota iliyo mashariki, nyuzi 20 hadi 30 juu ya upeo. Ikihamia kusini, mhimili uko juu mno, ushusheni. Ikihamia kaskazini, upandisheni. Rudieni zote mbili hadi nyota ikae kwenye uzi kwa dakika tano. Usiku wa kwanza utawachukua saa mbili au zaidi. Mkimaliza, pigeni alama za rangi kwenye bolti.

Mkikosa fundi wa kuchomelea, jengeni sanduku la Dobson, kitako sahili kinachozungushwa kwa mkono mlalo na wima, kwa plaiwudi ya milimita 18 lenye pedi tatu za teflon, na mota ibaki kabatini. Kwa usiku wa wananchi linatosha kabisa. Udhaifu wake ni utosini: darubini ikisimama wima, kuizungusha mlalo hakuielekezi popote. Kwenu sayari zinaweza kupita karibu sana na utosi, basi zikifanya hivyo zitazameni saa moja kabla au baada ya hapo.

Chagueni siku ya 7 au ya 8 baada ya mwandamo, mwezi ukiwa nusu na vivuli vya mashimo yake vikiwa virefu. Masika ya Machi hadi Mei msiahidi kitu. Juni hadi Septemba ndio msimu wenu. Mwezi wa Juni jioni onyesheni Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota linalosimama karibu nyuzi 49 juu ya upeo wenu. Fuertes, pamoja na lenzi yake ya inchi 12, haiwezi kuliona: Ithaca linagusa upeo tu, nyuma ya vilima.

Ndani ya lenzi ya darubini ya klabu yetu kumeota nyuzi kama utando wa buibui. Tumefuta kwa kitambaa cha miwani, haziondoki.
*Mwanaklabu, Mombasa*

Acheni kufuta. Hiyo ni kuvu, na iko upande wa ndani. Huota hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 70 kwa muda mrefu, gizani, ndani ya mfuko wa ngozi au sanduku lenye sponji. Pwani hali hiyo ni ya kila siku.

Ikiwa ni lenzi ya jicho, fungueni pete yake, chukueni picha ya kila kipande kinavyotoka, na pigeni alama ya penseli ukingoni kuonyesha upande wa juu. Futeni kwa pamba safi yenye spiriti ya isopropili, kutoka katikati kwenda nje, pamba mpya kila mpito. Kuvu ya muda mrefu hutoa asidi inayokula kioo, na hapo alama hubaki. Kwa bahati nzuri alama chache hazionekani mtu akitazama. Ikiwa ni lenzi kuu ya vioo viwili, msiitenganishe: nafasi kati ya vioo imepimwa kiwandani, na mkiirudisha vibaya nyota zitakuwa na mikia.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Nunueni boksi la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, kipima unyevu kidogo, na nusu kilo ya silika jeli. Lengeni asilimia 40 hadi 50. Jeli ya rangi ya machungwa ikigeuka kijani au kupauka, ikausheni kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa tatu. Kabla ya kufunga boksi, hakikisheni umande umekauka wenyewe, kwa sababu mkiufungia ndani mmeipandia kuvu shamba.

Chumvi ya bahari ni adui wa darubini ya kioo. Ikikaa na umande, hutoboa tabaka la alumini. Osheni kioo kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke na tone la sabuni ya vyombo, pamba ikielea bila kukandamizwa, mara moja au mbili kwa mwaka tu.

Nina wanafunzi 120 na darubini moja isiyo na mota. Nitawaonyeshaje wote usiku mmoja?
*Mwalimu wa sayansi, Nakuru*

Mwalimu, ukimpa kila mmoja sekunde 45, ni dakika 90 kamili bila kusimama, na utasimama. Kwa hiyo punguza ukuzaji. Kwa mara 60, kitu kinakaa ndani ya duara zaidi ya dakika tatu kikianzia ukingoni, na wanafunzi watatu wanapita kabla hujasukuma bomba. Weka kitu ukingo wa mashariki, kiende chenyewe.

Weka kiti mbele ya darubini na wafundishe kushika mgongo wa kiti. Mtoto asiye na pa kushika hushika lenzi ya jicho, na foleni yote inasubiri ukitafuta Zohali upya. Wafupi wapewe ngazi ya hatua mbili. Muulize kila mmoja ameona nini kabla hajaondoka. Akijibu "nyeupe" tu, ameona kope zake. Mrudishe.

Kundi lililobaki lipewe kazi: binokula ya 10×50 kwenye Kilimia, wahesabu nyota kwa macho kwanza, kisha kwa binokula, waandike tofauti. Tochi zote zivikwe karatasi nyekundu ya plastiki.

Je, darubini ya chuo inaweza kusaidia kuuona mwezi mwandamo? Na ni kweli jua litapatwa mwaka 2027?
*Msomaji, Unguja*

Inasaidia kutafuta. Hukumu ya kuandama ni ya masheikh, hapa tunajibu la vifaa tu. Mwezi ukiwa chini ya takriban nyuzi 7 kutoka kwenye jua, uzi wa nuru haujiungi hata kwa darubini nzuri. Hapo hakuna cha kuona. Zaidi ya hapo, tumia ukuzaji mdogo, mara 25 hadi 40, ili anga liingie pana. Weka fokasi mapema kwenye Zuhura ikiwepo, au kwenye jahazi la mbali kabisa, kwani fokasi mbovu hufuta hilali yote. Na hili ni la lazima: kifuniko kisitoke mpaka jua lizame lote. Sekunde moja ya jua ndani ya darubini inaunguza jicho bila maumivu, na haliponi.

Kuhusu kupatwa, ndiyo: tarehe 2 Agosti 2027. Giza kamili litapita kusini mwa Uhispania, Afrika Kaskazini, Makka, Yemen na ncha ya Somalia. Unguja mtaona jua likiwa limemegwa tu, mchana, kwa hiyo hakutakuwa na hata sekunde moja ya kutazama bila kinga. Miwani iwe na alama ya ISO 12312-2. Kwenye darubini, kichujio cha jua hufungwa mbele ya bomba, upande wa mbingu, kwa skrubu au utepe imara usiong'olewa na kusi. Vile vidogo vinavyofungwa kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto mtu akiwa anatazama, vitupeni. Ile darubini ndogo ya kuelekezea nayo ifunikwe au ing'olewe, maana watoto huchungulia hapo kwanza.